Ndama kwa koleo, paka kwa nusukaputi

Ndama dume akilazwa chini zizini, kazi ya kumhasi huisha kwa dakika chache. Watu wawili humbana, wa tatu hupapasa juu ya korodani mpaka aukamate mshipa wa mbegu chini ya ngozi, kisha hulifunga koleo kubwa la chuma lenye mikono mirefu. Ngozi haikatiki. Ndani, mshipa na njia za damu zimepondwa, na korodani zikikosa damu husinyaa zenyewe kwa wiki kadhaa. Koleo hilo ni burdizo, kwa jina la Napoleone Burdizzo, daktari wa mifugo wa Italia aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20.

Ustadi wake ni kubana kila upande peke yake, na alama mbili zisikutane katika mstari mmoja. Zikikutana, damu hukatika pumbu zima na ngozi huoza.

Wengine humvalisha ndama wa siku chache pete ya mpira kwenye pumbu, ambayo inaweza kuleta pepopunda. Kisu hakina shaka, kwa kuwa kinachotolewa huonekana, lakini kidonda huita nzi.

Faida ndiyo inayosukuma yote haya. Fahali mkorofi hakubali kuvuta plau, maksai huvuta. Nyama ya beberu ina harufu, ya mbuzi aliyehasiwa haina. Jike haguswi, maana mtamba ndiye mtaji wa boma.

Nyumbani hesabu hugeuka. Paka hubeba mimba wiki tisa hivi na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ukihasi madume tisa mtaani ukamsahau wa kumi, huyo mmoja atawatosha majike wote. Kwa hiyo anayelengwa zaidi ni jike, na kwake koleo halifai kitu: daktari humlaza kwa nusukaputi, humpasua tumbo, hutoa ovari na mara nyingi kizazi pia, kisha hushona. Dume hupasuliwa kidogo tu, naye akiwa usingizini.

Hapo ndipo pagumu kuelewa. Paka hulazwa kwa nusukaputi, ndama hushikwa kwa nguvu za mikono, ilhali mishipa yao huuma vilevile na sindano ya ganzi ipo. Ujerumani ilipiga marufuku kuhasi vitoto vya nguruwe bila nusukaputi kuanzia Januari 2021. Ipo hata chanjo inayozima homoni za nguruwe dume, bila kisu wala koleo.

Maksai hutambulika kwa kumtazama nyuma. Paka jike haonyeshi kitu manyoya yakishaota, ndiyo maana wale wa mitaani hukatwa ncha ya sikio moja wakiwa bado usingizini, daktari mwingine asije akawapasua tumbo kutafuta kisichokuwapo.