Sekunde za Kwanza za Tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba. Mtu wa Kaagya aliyekuwa uani akigeuza kahawa mkekani aliruka, akajikuta mbali na nyumba, moyo ukimwenda mbio. Watu husema ni adrenalini iliyomrusha. Si kweli: miguu iliruka kwa amri ya neva, adrenalini ikafuata kuipa nguvu ya kuendelea kukimbia.

Homoni hiyo hutoka kwenye kiini cha tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na haingoji hatari ndipo itengenezwe. Kila seli ya kiini hicho ina maelfu ya vifuko vilivyokwisha kujazwa, ila ni vichache tu vilivyoegeshwa kwenye utando, tayari kufunguka. Neva ikimwaga asetilikolini juu ya seli, milango ya utando hufunguka na kalsiamu huingia. Protini moja ya kifuko na mbili za utando zimekwisha kuanza kusokotana kama kamba ya katani. Protini ya sinaptotagmini ikiinasa kalsiamu, msokoto unakazwa, kifuko kinaungana na utando na shehena yake inamwagika nje, ikachukuliwa na damu. Yote hayo kabla sekunde haijaisha! James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipata Nobeli ya 2013 kwa kufumbua usafiri huu wa vifuko.

Vifuko vya mbele huisha upesi, na Bukoba ilitikisika tena baada ya tetemeko kuu. Hapo ndipo ninapoona ufundi wenyewe. Kinasi C, protini ya ishara inayoamshwa na kalsiamu ileile ikisaidiwa na mafuta ya utando, hubandika fosfeti kwenye protini za mahali vifuko vinapofungukia, na vifuko zaidi huwa tayari.

Gamba la tezi hizohizo za juu ya figo halina akiba ya homoni. Homoni ya ACTH kutoka tezi ya pituitari huamsha kinasi A, nayo huichochea protini ya StAR kuingiza kolesteroli ndani ya mitokondria, ndipo homoni ya kortisoli itengenezwe. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Adrenalini hupungua damuni kwa nusu ndani ya dakika mbili tatu, kwa hiyo watu waliokesha nje usiku ule wa tetemeko hawakukeshwa na adrenalini ya alasiri. Kortisoli hukaa zaidi, tena sehemu yake hupitia kwenye kiini cha tezi kabla ya kusambaa mwilini, na huko huchochea kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini ya kujazia vifuko vilivyomwagwa.