Mgonjwa wa Murongo anahesabiwa wapi?

Wanachuo wengi wakisikia "kozi fupi ya epidemiolojia" wanawaza cheti cha kujazia CV na posho ya semina. Posho tuiache. Kozi yenyewe inafundisha kuuliza maswali manne: nani anaumwa, wapi, tangu lini, na kati ya watu wangapi. Hilo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo gumu kuliko yote.

Tanzania ilianza mafunzo ya epidemiolojia na maabara kwa vitendo, FELTP, mwaka 2008. Ngazi ya juu ni shahada ya uzamili ya miaka 2. Ngazi ya chini, ya wahudumu wa mstari wa mbele, ni ya miezi 3 hivi, na mtu haachi kazi: anakaa darasani siku chache, anarudi kituoni kuchambua takwimu zake mwenyewe, kisha anakuja kuzitetea mbele ya wenzake. Wale wa lekcha za saa nne mfululizo mtanielewa nikisema nawaonea wivu.

Sasa mpeleke tabibu huyo Murongo, wilayani Kyerwa. Pale mpaka ni mto Kagera. Ukivuka daraja uko Kikagati, Uganda. Kinyambo cha huku na Kinyankole cha kule vinasikilizana, ndoa na biashara zinavuka, na homa nayo inavuka bila kugonga muhuri.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wiki moja zahanati A imepata wagonjwa 12 wa kuhara damu, zahanati B imepata 5. Mwenye haraka atapeleka dawa A. Lakini kumbuka sehemu za hesabu za shule ya msingi: kuna kiasi na kuna asili. A inahudumia watu 6,000, B watu 1,000. Kwa hiyo A ina wagonjwa 2 katika kila watu 1,000, na B ina 5. Moto unawaka B.

Hesabu hiyo ikifika mpakani inaingia mchanga. Mtu wa Kikagati akitibiwa Murongo anaongezwa kwenye kiasi, ila kwenye asili hayumo, maana asili inatokana na sensa yetu. Kiwango kinapanda bure. Mkazi wa Murongo akitibiwa ng'ambo, kwetu ni kama hakuugua kabisa. Ndiyo maana rejesta isiishie kuandika amekuja kituo gani. Iandike analala wapi, kitongoji kwa jina.

Unaweza kusema haya ni mambo ya makaratasi tu. Haya, twende kwenye Marburg. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilithibitisha ugonjwa huo Bukoba Vijijini, mkoa uleule wa Kagera, kwa mara ya kwanza nchini. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ukazuka tena, safari hii Biharamulo. Tatizo ni kwamba Marburg huanza kama malaria: homa kali, kichwa, mwili kuuma. Kinachomtoa mgonjwa kwenye fungu la malaria ni swali la ziada: ndani ya siku 21 umemuuguza nani, umemzika nani, umetoka wapi?

Katika mlipuko ule wa 2023 watu 212 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa. Gawanya kwa 9: zaidi ya watu 23 kwa kila mgonjwa. Sasa fikiria kumi kati ya hao wamerudi kwao Kikagati. Kwa utaratibu, taarifa inapanda wilayani, mkoani, wizarani, inaenda Kampala, halafu inashuka hadi wilaya ya Isingiro. Daraja lenyewe ni la kutembea kwa miguu, bwana!

Kwa hiyo mimi ningependa tabibu wa Murongo, mwenzake wa Kikagati na daktari wa mifugo wakae darasa moja, wabadilishane namba za simu, na zoezi lao la kwanza liwe kufungua rejesta zote mbili na kuhesabu: majina mangapi ya Murongo yako Kikagati, na mangapi ya Kikagati yako Murongo.