Mtoto amepata 12 kati ya 20 kwenye simu? Jua kwanza nani amesahihisha

SIKU hizi kazi ya nyumbani haiji kwenye daftari pekee. Mwalimu anatuma linki kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mtoto anaomba simu, anajibu, anabonyeza kutuma na alama zinatokea hapo hapo. Zikiwa ndogo, mtoto anagombezwa kabla mwalimu mwenyewe hajasoma majibu yake.

Mzazi anapaswa kufahamu kuwa alama hizo za papo kwa papo hutolewa na programu.

Chukua mfano wa Google Forms, ambayo mwalimu anaweza kuitumia bure. Mwalimu huandika maswali, akaweka majibu sahihi na alama za kila swali. Kwa maswali ya kuchagua, programu haina shida. Utata upo kwenye majibu mafupi, kwa sababu programu hulinganisha maandishi, haipimi maana. Mwalimu akiwa ameweka jibu “nusu” pekee, mtoto aliyeandika “1/2” anaweza kukoseshwa. Aliyeandika “ni moyo” badala ya “moyo” naye yumo hatarini.

Maswali ya kujieleza kwa kirefu humsubiri mwalimu ayasome na kuyapa alama. Kwa hiyo mtoto akionyeshwa 12 kati ya 20, huenda zile nane zilizobaki ni za insha ambayo haijasahihishwa.

Kahoot, iliyoanzia Norway, ina jambo jingine. Katika mchezo wake wa kawaida, anayejibu haraka hupata pointi nyingi zaidi. Mtoto anayesoma taratibu anaweza kupata yote na bado akawa nyuma ya wenzake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, fungua matokeo pamoja na mtoto. Mwalimu akiwa ameruhusu, mtaona maswali aliyokosa na majibu sahihi. Mwambie mtoto aeleze alivyofikiri. Hapo utajua kama hakuelewa somo, alikosea herufi, au jibu lake lilikuwa sahihi kwa maneno mengine.

Pili, ukiona jibu limekataliwa bila haki, mwandikie mwalimu kwa faragha, si kwenye kundi, na umtajie namba ya swali. Anaweza kubadilisha alama. Anaweza pia kuzizuia zisionekane hadi atakapopitia majibu yote mwenyewe.

Tatu, usimnong’oneze mtoto majibu. Programu humwonyesha mwalimu maswali yaliyokosewa na wengi, na kwa hayo huamua mada ipi airudie. Wazazi wakijibu badala ya watoto, mwalimu ataona darasa zima limeelewa na ataendelea na mada inayofuata. Atakayeumia ni mtoto, siku atakapokaa kwenye chumba cha mtihani peke yake.

Nne, kabla hajaanza, hakikisha simu ina chaji na bando la kutosha. Mtandao ukikatika katikati, majibu yanaweza kupotea, na mtoto akaonekana hakufanya kazi. Ikitokea hivyo, mjulishe mwalimu siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, kama bado kuna swali alilokosa kweli, chukueni daftari na kalamu mlifanye upya pamoja, simu ikiwa pembeni.