Picha ya sikukuu: Baba yuko wapi?

KAMPALA

SIKUKUU ya Idi au Krismasi ikifika, familia nyingi za Kampala huwapeleka watoto kwenye bembea. Baadhi huelekea Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, kwenye bustani ya michezo ambayo wakazi waliizoea kwa jina la Didi's World kabla haijaitwa Wonder World. Wengine hushuka hadi Entebbe, kwenye fukwe za Ziwa Victoria au kutazama wanyama.

Simu inatolewa. Mama na watoto wanajipanga mbele ya bembea, baba anarudi hatua mbili nyuma na kupiga. Jioni kuna picha mia moja, lakini baba hayumo hata katika moja. Baada ya miezi michache simu inaibwa ndani ya teksi, kama Waganda wanavyoiita daladala au matatu, na zile picha mia zinakwenda nayo.

Upungufu huo huonekana siku ya msiba. Mzee anafariki, jamaa wanataka picha ya kuweka juu ya jeneza, na inayopatikana ni ile ndogo ya kitambulisho, macho makavu, hana tabasamu. Mtu aliyekaa na wanawe miaka arobaini hana picha moja aliyopigwa pamoja nao.

Ndiyo maana mpiga picha wa kulipwa bado ana kazi, hata katika mji ambao karibu kila kijana ana kamera mfukoni. Yeye hupiga familia nzima, pamoja na yule ambaye kwa kawaida ndiye anayeshika simu. Na wengi wao husafisha picha siku hiyohiyo, ili mteja aondoke na karatasi mkononi.

Kampala na picha wana historia ndefu. Kwa Kiganda picha huitwa ekifananyi, yaani kitu kinachofanana na mwenyewe. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Muteesa wa Kwanza akiwa na wakuu wake, na picha hiyo ndiyo iliyochorwa upya katika kitabu alichokitoa mwaka 1878. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zinazojulikana kupigwa Buganda.

Baadaye zikaja studio za mitaani. Familia ilivaa gomesi na kanzu, ikakaa mbele ya pazia, ikatulia. Mmoja wa wapiga picha wa enzi hizo, Deo Kyakulagira, aliacha hazina ya negativu ambayo baadhi yake ilichapishwa katika mfululizo wa vitabu vya Ebifananyi.

Serikali nayo ilikuwa na wapiga picha wake. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi za Idi Amin, zilizochaguliwa kutoka negativu zipatazo 70,000 zilizokutwa katika shirika la utangazaji la taifa, UBC. Nyingi hazikuwa zimewahi kusafishwa. Zilisalimika kwa sababu zilifungwa katika bahasha na kuandikwa tarehe na tukio. Familia ya kawaida haina kabati la namna hiyo. Isipojiwekea yenyewe, hakuna atakayeiwekea.

Katika bustani kubwa za Marekani jambo hili limekuwa biashara kamili. Kwenye bustani za Disney, wapiga picha wa kampuni husimama sehemu mbalimbali, na picha zote za familia moja hukusanywa katika akaunti moja ambayo mgeni huilipia. Baadhi ya michezo ina kamera inayojipiga yenyewe gari linapoporomoka. Kampala kazi hiyo hufanywa kwa makubaliano ya mdomo baina ya watu wawili, kwa hiyo mazungumzo ya mwanzo ndiyo mkataba.

Bei itajwe kabla ya picha ya kwanza, siyo baada ya ya kumi. Mkubaliane ni picha ngapi, za ukubwa gani, zitasafishwa lini, na kama mtapewa pia nakala za kuhifadhi kwenye kompyuta. Ni vizuri pia kuuliza kwanza kama bustani inaruhusu mpiga picha wa kutoka nje.

Kisha kuna jua. Kampala iko karibu sana na Ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu saa moja. Adhuhuri linasimama utosini, na kivuli cha nyusi hufunika macho ya kila mtu. Mwanga mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Asiyeweza kungoja atafute kivuli cha mti, si jua la uwanjani.

Ngozi nyeusi nayo ina hesabu yake. Kamera ikiona kanzu nyeupe na anga linalong'aa hupunguza mwanga, na nyuso hugeuka giza. Mpiga picha anayeijua kazi hupima mwanga usoni, siyo kwenye nguo. Mteja anaweza kumjaribu kwa picha moja tu: akitazama kioo cha kamera, je, macho ya bibi yanaonekana?

Picha ya familia nzima ipigwe mapema, kabla ya aiskrimu kumwagikia nguo na kabla ya mtoto mdogo kulia kwa usingizi. Jjajja awekewe kiti katikati, wengine wamzunguke. Picha za michezo zifuate baadaye. Bembea ikifika juu kabisa husita kidogo kabla ya kurudi, na hapo ndipo pa kubonyeza.

Wasio na fedha za kiingilio nao wana mahali. Katikati ya mji, Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962 unaonyesha mama akimnyanyua mtoto juu. Aliyeuchonga, Gregory Maloba, alitoka Kenya na kufundisha Makerere. Kwa familia ya Afrika Mashariki si rahisi kupata pazia la nyuma linaloifaa zaidi ya hilo. Wengine husafiri kwa barabara ya Masaka hadi Kayabwe, wakasimame ndani ya duara la Ikweta, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini.

Tahadhari moja inawahusu watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto. Mpiga picha anayetaka kutumia sura ya mwanao kutangaza kazi yake mtandaoni aombe kwanza, na mzazi ana haki ya kukataa bila kuona haya.

Picha ikishasafishwa, bado kazi haijaisha. Nyuma yake yaandikwe majina ya wote, mahali na tarehe, kwa sababu baada ya miaka thelathini hakuna atakayemkumbuka yule shangazi wa pembeni. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine ipelekwe kijijini kwa jamaa. Moto au mafuriko yakifika upande mmoja, upande wa pili utabaki.

Sikukuu ijayo watoto watapanda tena bembea. Baba naye ampe mtu mwingine simu, au amlipe mwenye kamera, aende akasimame na wanawe.