Je, Wajua? Rubani wa droni hatahiniwi angani

Marekani unaweza kupata cheti cha kurusha droni kibiashara bila mtahini kukuona ukirusha chochote. Kanuni ya Part 107, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inataka uwe na angalau miaka 16, ujibu maswali 60 ya kuchagua na kupata asilimia 70, kisha uchunguzwe kiusalama. Kabla ya hapo, kwa kawaida aliyetaka kulipwa kwa picha za angani alipaswa kuwa na leseni ya kurusha ndege ya watu, hata kama droni yake ni nyepesi kuliko kuku!

Maswali ni ya ramani za anga, hali ya hewa na uzito. Hayagusi kabisa kazi ya solda, na hapo ndipo anayejiundia droni huku akisomea mtihani anapofaidi. Kwenye droni ya rafadha nne, mbili huzunguka kufuata mshale wa saa na mbili kinyume chake, la sivyo mwili wote ungezunguka kama pia. Kugeuka kulia, zile za kinyume huongezewa kasi.

Mota ikizunguka upande usiotakiwa, usibomoe kitu: chukua nyaya zake tatu, badilisha nafasi za mbili zozote, inatii. Jaribu kwanza bila rafadha. Vidole havina spea.

Na hata ya kujiundia, ikifanya kazi ya malipo, lazima isajiliwe na namba yake ionekane kwa nje.