Boti ikizeeka inaenda wapi? Kazi ya shantie naval ku maziwa yetu

Wewe mwenye kusafiri kati ya Goma na Bukavu, ao kuvuka toka Kalemie mpaka Kigoma, pengine umekwisha kujiuliza: hii boti, nani anaipima na inatengenezwa wapi? Mahali pa kazi hiyo tunapaita shantie naval. Inafanya kazi tatu.

Ya kwanza ni kutengeneza. Boti inavutwa toka majini, inapanda juu ya reli zenye kuinama mpaka inakauka. Sababu ni moja: sehemu inayooza zaidi ni ile ya chini, yenye wasafiri hawaioni. Wafundi wanakwangua kutu, wanapima unene wa chuma, na pale chuma imekuwa nyembamba wanaikata na kuchomelea ingine. Wanaangalia pia panga na usukani. Boti ya mbao inatiwa kalafati kati ya mbao na mbao ili maji yasiingie.

Ya pili ni kujenga. Maziwa yetu hayana njia ya meli mpaka bahari. Lukuga inatoka Tanganyika, Ruzizi inatoka Kivu, lakini mito hiyo ina maporomoko. Njo maana meli kubwa inaletwa vipande vipande. Mfano ni Liemba: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya masanduku, na ikaunganishwa tena Kigoma. Iliingia majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue, lakini mbele ya kuizamisha walipaka mashine mafuta mazito. Waingereza waliiinua 1924, wakaitengeneza, na 1927 ikaanza tena kubeba watu. Matengenezo mazuri yanaongeza maisha ya meli.

Hapo tunaelewa jambo lingine: boti ya Kivu haiwezi kushuka Kalemie kutengenezwa. Kila ziwa linahitaji shantie yake.

Ya tatu ni kubomoa. Boti yenye kuachwa kando ya ziwa inaendelea kumwaga mafuta, na zingine za zamani ziko na amianti, vumbi lake linaharibu mapafu. Kwanza mafuta yanatolewa, kisha chuma inakatwa na kuuzwa iyeyushwe. Ukikata kwa moto tangi yenye mafuta bado ndani, inaweza kulipuka.

Lakini shantie haiponyeshe kila kitu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, yenye kutoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya ndugu zetu walikufa. Hata chuma mpya inazama ikibebeshwa mzigo kuliko nguvu yake.

Basi mbele ya kupanda, uliza: boti hii ilitolewa majini lini kwa mara ya mwisho? Jile yangu iko wapi? Na ukiona watu na magunia vimepita kipimo, shuka. Kesho kutakuwa boti ingine.