Sababu gani gari ya zamani inazimika klima ikiwashwa?

Wanafunzi wenzangu, nanyi walimu wetu, waliowahi kupanga mstari kwenye barieri ya Kavimvira wakati wa jua kali wanalijua jambo hili. Gari iko imesimama, moteri inanguruma polepole. Shofere anawasha klima. Palepale sauti ya moteri inashuka, gari yote inatetemeka, na pengine inazimika kabisa. Watu wanasema, "Gari imezeeka." Hapana, uzee peke yake si jibu.

Klima haitoi baridi bure. Iko na kompreseri, ndiyo pampu inayosukuma gesi ndani ya mabomba, na pampu hiyo inazungushwa na mkanda unaotoka kwa moteri yenyewe. Ukiwasha klima, sumaku ya umeme inakamata puli ya kompreseri, basi moteri inapata mzigo mpya kwa mara moja. Njiani, moteri ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mzigo huo hausumbui sana. Lakini kwenye ralanti, maana yake mguu hauko juu ya aksileta, inazunguka mara 700 ao 800 tu, na nguvu yake ni ndogo. (Packard za Marekani za mwaka 1939, zilizotangulia kuuzwa na klima, hazikuwa na sumaku hiyo: asiyetaka baridi alizima moteri na kuutoa mkanda kwa mikono!)

Katika magari mapya kompyuta inaongeza hewa na esanse yenyewe. Magari mengi ya karibirateri yana kidude kidogo cha kazi hiyo: ngozi ya mpira ambayo moteri inaivuta kwa kufyonza hewa, nayo inafungua kidogo mlango wa hewa wa karibirateri. Ngozi ikipasuka, ao kamrija kake kakichomoka, moteri inabaki bila msaada. Mara nyingine fundi alikwisha kukitoa akisema hakina kazi!

Wengi wanakaza tu visi ya ralanti ili moteri ikimbie zaidi. Mimi siipendi dawa hiyo, kwani esanse inaliwa siku zote, hata klima ikiwa imezimwa. Afadhali kuanza klima ikiwa imezimwa na moteri imepata moto: kusafisha chujio cha hewa, kuangalia buji, kupima ralanti ya kawaida. Halafu klima iwashwe, tuone kama kidude kinavuta. Kikivuta kidogo mno, kinarekebishwa chenyewe.

Tena kuna moto. Klima inatupa joto lake mbele ya radiateri ya maji, na gari iliyosimama haipati upepo wa njia. Ukiona sindano ya moto inapanda, zima klima mara moja.

Lakini hatari kubwa iko kwenye mteremko. Breki za magari mengi ya esanse zinasaidiwa na kule kufyonza hewa kwa moteri. Shofere anashuka Ngomo kuelekea Kamanyola, anakanyaga ambreyaji mbele ya kona, moteri inarudi ralanti, klima inaizima. Msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara moja ao mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Gari ambayo ralanti yake haijatengenezwa, izimwe klima kule juu, kabla ya kuanza kushuka, na madirisha yafunguliwe.